Programu gani ya bure kwa XRD ya udongo wa Pugu?

Mchoma_Kaolini
Habari zenu wakuu. Niko kwenye uzamili, nachoma kaolini ya Pugu nyuzi 700 nione kama inaweza kupunguza saruji kwenye zege. Maabara wamenipa mafaili ya XRD (kupiga sampuli eksirei ili vilele vioneshe madini yaliyomo), eksirei za shaba, pembe 5 hadi 70. Programu ya mashine inafunguka kwenye kompyuta yao tu, na kuipata ni kugombania. Laptop yangu ina RAM ya GB 4, bando najinunulia. Nataka asilimia za kila madini, majina tu hayanitoshi. Nasikia Profex, GSAS-II, FullProf, MAUD, SasView. Jamaa mmoja pia ananiuzia ya kulipia iliyochakachuliwa.

Nanomita
SasView itoe. Hiyo ni ya SAXS, yaani mtawanyiko wa eksirei kwa pembe ndogo sana, kwa ukubwa na umbo la chembe.

Fundi Fuwele
Anza na Profex, mdogo wangu. Ni ya bure, inakwenda Windows, Linux na Mac, na ndani yake injini iitwayo BGMN ndiyo inayopiga hesabu za Rietveld, yaani kulinganisha mchoro wako wote na ule wa fuwele zinazojulikana hadi upate asilimia. Ukishaipakua, bando weka pembeni. GSAS-II ya maabara ya Argonne, Marekani, utaihitaji siku ukitaka muundo wa fuwele wenyewe; MAUD, ukihamia kwenye vyuma. Ya kuchakachua achana nayo: mtahini akikuuliza umetumia toleo gani, utamjibu nini?

Ila kuna jambo hata programu ya mamilioni haikufanyii. Kaolini mbichi ina kilele karibu na pembe ya 12.4. Ukiichoma 700 kinapotea, inabaki nundu pana kati ya 20 na 30, na kwatzi imesimama pale 26.6 kama mlingoti. Nundu hiyo ndiyo metakaolini, kaolini iliyochomwa ikapoteza mpangilio wa fuwele, mali yenyewe unayoitafuta! Sasa Rietveld inahesabu fuwele peke yake na kuzijumlisha zifike 100, kwa hiyo itakuambia umechoma kwatzi tupu.

Dawa yake: ongeza fuwele za kiasi unachokijua ziwe kipimo. Changanya korandamu (oksidi ya alumini) safi, 20% ya uzito wote, saga pamoja kwenye kinu cha akiki, upime. Tuseme Profex imetoa korandamu 50%. 20 kwa 50 ni 0.4, kwa hiyo 0.6 ya mchanganyiko haina fuwele. Igawe kwa 0.8, maana udongo wako ulikuwa 80% tu. Unapata 75%.

Mchoma_Kaolini
Shukrani sana mkuu. Korandamu hapa haipatikani, kuna oksidi ya zinki. Inafaa?

Fundi Fuwele
Inafaa, mradi iwe safi na vilele vyake viwe vyembamba. Kwatzi usithubutu, imo tayari kwenye udongo. Na ile mbichi usiikandamize kwa kioo juu: vipande vya kaolini ni bapa, vinalala chali, kilele cha 12.4 kinarefuka kuliko haki yake. Jaza kishikio kutokea nyuma.