Mjadala: Mfumo unaolipiwa na kodi uje na msimbo wake?

Mleta mada: Wadau, programu yoyote ni matabaka ya msimbo, yaani maagizo yanayoandikwa ili kompyuta iyafuate. Unaandika amri kama kokotoa_riba(salio), kazi imeisha. Anayeitumia hana haja ya kujua kilichomo ndani. Nguvu hiyo ya kuficha undani, abstraksheni kwa lugha ya fani, ndiyo inayotuwezesha kumaliza hata mfumo mdogo wa duka. Ninachopinga ni kufichiwa kugeuka kuwa kufungiwa.

Nilikuwa nasaidia SACCOS moja. Salio la mkopo 45,250, riba ya mwezi asilimia 1.5. Kwa mkono unapata 678.75, daftari linaandika 679. Mfumo ukatoa 678. Shilingi moja, lakini kwa wanachama wengi, mwezi hadi mwezi, na hesabu zikagoma kulingana. Dalili zote zilionyesha desimali inakatwa pale ambapo ingekadiriwa. Marekebisho ya mstari mmoja, ila msimbo ulifungwa, na muuzaji alijibu baada ya wiki sita. Muda wote huo mhasibu alisahihisha kwa kalamu, na iliniuma sana.

Kwa hiyo nasema mifumo ya umma iwe programu huria, kwa maana aliyoitetea mwandishi wa programu Richard Stallman tangu aanzishe GNU, mradi wake wa programu huria, mwaka 1983: uitumie, uusome msimbo, uurekebishe, uusambaze. Tanzania na Kenya tayari zinakusanya takwimu za afya kwa DHIS2, ambayo ni huria.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, ruhusa ya kusoma si kusoma. OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya mtandaoni, ni huria, na kosa lake la usalama liitwalo Heartbleed lilitoka na toleo la Machi 2012, likaja kutangazwa Aprili 2014. Miaka miwili msimbo uko wazi kwa dunia nzima! Halmashauri isiyo na mwandishi wa programu hata mmoja itasoma nini? Wapeni mkataba unaombana muuzaji.

Mleta mada: Hoja nzito, lakini tazama xz, programu huria ya kubana data. Machi 2024 Andres Freund, mtaalamu wa kanzidata, aliona kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, kwa njia ya SSH, kunachelewa kama nusu sekunde. Akashuka tabaka baada ya tabaka hadi kwenye liblzma, maktaba ndogo ya xz (msimbo unaotumiwa na programu nyingine), akakuta mlango wa siri. Tabaka moja tu lingekuwa limefungwa, huenda angeishia hapo. Si lazima kila halmashauri isome. Akirekebisha mmoja Mbeya, wa Kigoma anachukua.

Mchangiaji wa pili: Ndugu zangu, huyo xz ndiye anayenitia hofu. Aliyeitunza alikuwa mtu mmoja wa kujitolea, amechoka, na mwovu alijipenyeza kwa kujifanya msaidizi kwa zaidi ya miaka miwili. Tukichukua programu huria bila kutenga fungu la kuwalipa wanaoitunza, tumejenga juu ya mgongo wa mtu huyo. Mleta mada, katika pendekezo lako fungu hilo linakaa bajeti ya nani?