Kwa nini fomu ya umma inadai Windows? Malalamiko ya mtumiaji wa FreeBSD kutoka Tanga

Wakuu, heshima kwenu. Naomba wasimamizi wasiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za "kompyuta yangu nzito, nifanyeje", kwa sababu kompyuta yangu si nzito na wala haina ugonjwa wowote. Ninaowalalamikia ni watu wanaotengeneza tovuti na fomu za kuhudumia wananchi kana kwamba Mungu aliumba Windows siku ya kwanza na mifumo mingine yote ikazaliwa kwa bahati mbaya.

Nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga. Tunaprinti, tunatoa kopi, tunaskani, na tunawajazia watu fomu za mtandaoni, kazi ambayo siku hizi ndiyo inayolipa kodi ya fremu. Mashine zangu ni za mtumba, nzima kabisa, lakini prosesa zake ni za kabla ya kizazi cha 8 cha Intel, kwa hiyo Windows 11 haizipokei kirasmi. Microsoft ilipositisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ilinibidi nichague: ama niendelee na mfumo usiopata viraka vya usalama huku kila mteja akichomeka flashi yake yenye vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha shortcut tupu, ama nihamie mfumo mwingine. Nilihamia FreeBSD, ambayo nilikuwa nimeizoea kwa miaka mingi katika kazi za seva, na tangu siku hiyo flashi za wateja hazijaniambukiza kitu.

Kabla hamjaniuliza "hiyo nayo ni nini", FreeBSD ni mfumo endeshi huria uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na umekuwepo kwa jina hilo tangu mwaka 1993. Seva zinazowafikishia watu filamu za Netflix zinatumia FreeBSD. Mfumo wa PlayStation 4 ulijengwa juu yake. WhatsApp, ambayo kila aliye katika uzi huu anayo mfukoni, kwa miaka mingi ilibebwa na seva za FreeBSD, na wahandisi wake walijulikana kwa kuweza kuunganisha watu zaidi ya milioni 2 kwa wakati mmoja kwenye seva moja. Halafu tovuti ya ofisi ya umma inayochukua nusu dakika kufungua picha moja ya bango inaniambia kwamba mfumo wangu "hautambuliki".

Nianze na vivinjari. Google haitoi Chrome kwa ajili ya FreeBSD, na hilo ni uamuzi wao wa kibiashara ambao siwezi kuwalazimisha kuubadili. Lakini Firefox ipo, Chromium (msingi huria ambao Chrome imejengwa juu yake) ipo, na zote zinapatikana kwa amri moja fupi ya pkg, programu ya FreeBSD ya kusakinisha vifurushi, kwa sababu kuna watu wanaojitolea kuzirekebisha na kuzijenga kila toleo jipya linapotoka. Wakati mwingine ujenzi wa Chromium unakwama, kifurushi chake kinatoweka kwenye hazina ya programu, na ukiendesha pkg upgrade bila kusoma orodha inayotokea kabla ya kubonyeza "y", mfumo unakuondolea kivinjari ulichokuwa nacho. Kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, kwa mashine kama zangu, ni kuiacha ikitoa moto usiku kucha na pengine kuikuta asubuhi imekufa katikati kwa kukosa kumbukumbu. Inaudhi, nakiri, ila watu hao hawajawahi kunitoza hata senti tano, kwa hiyo siwalalamikii. Kwa matumizi yangu ya kila siku Firefox inatosha, na injini yake ni ileile iliyomo kwenye Firefox ya Windows.

Sasa hapo ndipo ghadhabu yangu inapoanzia. Ninafungua tovuti ya huduma ya ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, kwa Firefox ya toleo la karibuni kabisa, na ninapokewa na kisanduku chekundu: "Kivinjari chako hakikubaliki. Tafadhali tumia Chrome au Edge." Hakuna kitufe cha kuendelea. Hakuna maelezo ya nini hasa kinachokosekana. Kwa wasiofahamu, kila kivinjari kinapoomba ukurasa hutuma pamoja na ombi hilo mstari mmoja wa kujitambulisha, unaotaja jina lake, toleo lake na mfumo kilipo. Mstari huo umejaa uongo wa miaka mingi. Chrome yenyewe huanza kujitambulisha kuwa Mozilla/5.0, kisha ikataja KHTML (injini ya kivinjari kingine cha zamani), kisha ikajiita Safari, yote haya kwa sababu zamani kulikuwa na watengeneza tovuti wa aina hii hii, waliokuwa wakiwafungia mlango wote wasiokuwa na jina walilolizoea, na kila kivinjari kipya kikalazimika kujipachika majina ya waliokitangulia. Yaani mtu anakataa huduma kwa raia kwa kutegemea maneno ambayo kila mtaalamu wa fani hii anajua kwamba si ya kuaminika.

Nilifanya jaribio dogo. Niliweka kiongezi cha kubadilisha mstari huo, nikaiamuru Firefox yangu iseme kwamba yenyewe ni Chrome iliyoko kwenye Windows, kisha nikafungua tovuti ileile. Ilifunguka. Nikajaza taarifa za mteja, nikapakia picha yake, nikapata namba ya kumbukumbu ya malipo, nikaprinti risiti, na hakuna hata kitufe kimoja kilichogoma. Kwa hiyo kivinjari changu kilikuwa na uwezo wote uliohitajika tangu mwanzo, na kilichokataliwa ni jina lake tu. Ni kama mpiga debe wa stendi anayekuzuia kupanda basi kwa sababu hajawahi kulisikia jina la kijiji unachotoka, ilhali nauli unayo mkononi na viti viko wazi.

Nilipiga simu dawati lao la msaada. Nayaandika mazungumzo kama yalivyokuwa, kwa kuwa yanaonyesha tatizo lilipo.

"Kaka, unatumia Windows gani?"

"Situmii Windows, dada. Natumia FreeBSD."

"Hiyo ni simu?"

"Hapana, dada, ni kompyuta."

"Sasa kaka, kama ni kompyuta na haina Windows, si ina maana ni mbovu? Mpelekee fundi akuwekee."

Sikumkasirikia binti wa watu, maana yeye anajibu kwa kufuata karatasi aliyopewa, na karatasi hiyo imeandikwa na mtu ambaye hapokei simu.

Hayo ya kivinjari angalau yana njia ya kuzunguka. La visomaji vya nyaraka ndilo linalonifanya niandike uzi mrefu namna hii. Kwenye FreeBSD sina uhaba wa visomaji vya PDF: kuna Okular, Evince, Atril, MuPDF, Zathura, na hata Xpdf ya kizee bado inafanya kazi. PDF ni muundo ambao Adobe iliutoa mwaka 1993, na tangu mwaka 2008 ni kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 32000-1, maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kuandika programu ya kuusoma bila kumpigia magoti mtu. Kwa nyaraka za kawaida visomaji hivi havina kasoro. Tatizo ni kwamba ofisi ile ile inatoa fomu ambazo zina jina la PDF lakini ndani yake zimetengenezwa kwa XFA, teknolojia ya fomu ya Adobe ambayo haijawahi kuwa sehemu ya kiwango hicho kwa undani wake, na ambayo PDF 2.0 ya mwaka 2017 iliitangaza kuwa ya kuachwa.

Faili la namna hiyo linabeba vitu viwili. Fomu yenyewe imefichwa ndani kama data ya XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama, ambayo visomaji vingi haviwezi kuichora. Juu yake kuna ukurasa mmoja wa kawaida wa Kiingereza, wa kuonyeshwa kwa yeyote asiyekuwa na programu ya Adobe. Ukurasa huo unaanza kwa kukuomba usubiri. Unaendelea kusema kwamba ikiwa maandishi haya hayatabadilika kuwa nyaraka kamili, basi kisomaji chako huenda hakiwezi kuifungua, na kwamba unaweza kupata Adobe Reader mpya ya Windows, Mac au Linux. Chini kabisa kuna mistari midogo inayoeleza kwamba Windows ni alama ya biashara ya Microsoft, Mac ni ya Apple, na Linux ni alama iliyosajiliwa ya Linus Torvalds. Ndiyo hiyo fomu yote. Tena ahadi hiyo ya Linux ni hewa, kwa sababu Adobe iliacha kutoa Reader ya Linux, toleo la mwisho likiwa 9.5.5 la mwaka 2013, na kwa FreeBSD hata hiyo ya kubahatisha kupitia tabaka la Linux, yaani sehemu ya FreeBSD inayoendesha programu za Linux, ni programu iliyojaa matundu ya usalama ambayo sitaiweka kwenye mashine inayoshika vitambulisho vya watu.

Kuna mama mmoja alikuja kutoka Pangani, amepanda gari tangu alfajiri, akiwa na faili hilo alilotumiwa na mwanawe kwenye WhatsApp. Kijana wangu wa kazi alilifungua, akaliprinti bila kulisoma, akampa. Mama akaliangalia mbele na nyuma, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona hapa pa kuandika jina langu hamna?" Nilimwambia, "Samahani, mama, subiri kidogo," nikaona haya, kwa sababu ndilo neno lilelile lililokuwa limeandikwa kwenye karatasi aliyoishika.

Tulimsaidia hatimaye kwa kulifungua faili ndani ya Firefox, ambayo tangu toleo la 93 la Oktoba 2021 imejengewa uwezo wa kuonyesha fomu za XFA, na nawapa mkono waliofanya kazi hiyo. Lakini si kila fomu inakubali. Zile zenye vijiprogramu vya kukokotoa na kuhakiki ndani yake hujitokeza nusu nusu: orodha ya wilaya haifunguki, kitufe cha kuongeza mstari kimekufa, na jumla haijijazi. Na msidhani kwamba hili ni la wenye FreeBSD peke yao. Jaribuni kulifungua faili la namna hiyo kwa programu nyingi za kusomea PDF kwenye simu na mtakutana na ukurasa uleule wa kusubiri. Katika nchi ambayo watu wengi hawana kompyuta na mtandao wao wote uko kwenye simu, nani aliyekaa kitako akaamua kwamba fomu ya raia iwe ya muundo ambao simu ya raia haiufungui?

Faili za Word sitazisemea sana, kwani LibreOffice inazifungua, na ukiweka fonti za Carlito na Caladea badala ya Calibri na Cambria, zenye vipimo vilevile vya herufi, kurasa nyingi hukaa sawa. Bado kuna fomu zilizopangwa kwa kubonyeza nafasi badala ya jedwali, hivyo sehemu ya sahihi inahamia ukurasa wa pili peke yake na mteja anatozwa karatasi mbili. Huo ni uvivu wa mwandishi wa fomu, na hata kwenye Windows hutokea.

Najua watakaokuja kunishauri. Wa kwanza atasema niweke Windows ya kukraki. Hapana, na yeye mwenyewe anajua ni kwa nini. Wa pili atasema nihamie Linux, na kwa upande wa kivinjari ana hoja, maana huko Chrome ya Google ipo, ila visomaji vingi vya PDF huko vitamkaribisha kwa ukurasa uleule wa kusubiri. Wa tatu, ambaye ni mtaalamu, ataniambia niendeshe Chrome ya Linux kupitia tabaka la Linux lililomo ndani ya FreeBSD. Inawezekana, na nimefanya hivyo kwa mteja aliyetaka kutazama mihadhara ya video iliyofungwa kwa Widevine, ulinzi wa Google dhidi ya kunakili video. Lakini kwa nini raia atafute njia za uchochoroni ili ajaze jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa?

Ninachodai hakihitaji bajeti. Fomu hiyo iprintiwe upya kuwa PDF ya kawaida, kazi ambayo mtu mwenye programu iliyoitengeneza anaimaliza kabla ya chai ya saa nne. Tovuti iache kuuliza jina la kivinjari. Kama inahitaji uwezo fulani, ipime kama uwezo huo upo, na kama haupo itaje ni upi. Niliandika hayo yote kwa barua pepe, kwa lugha ya adabu kuliko hii, nikaambatanisha picha ya ukurasa wa kusubiri. Jibu lao lilikuwa fomu ileile, safari hii ikiwa ndani ya faili la zip.

Mwenye kumfahamu anayezitengeneza fomu hizo, namwomba aniunganishe naye inbox. Na mwenye steshenari Tanga, Muheza au Korogwe aliyekutana na ukurasa huo, aandike hapa chini ni fomu ya aina gani na alifungua kwa programu gani, ili nitakapoandika barua ya pili isionekane kwamba ni kompyuta moja ya Ngamiani.