Ulinganisho: alkoholi mchanganyiko za sanisi, ethanoli au methanoli kwa injini ya petroli?

Mshika Spana (mwanzisha mada)
Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe nishati tatu zinazosifiwa kuwa safi kuliko petroli: methanoli, ethanoli, na alkoholi mchanganyiko za sanisi, yaani zile zinazopatikana kwa kupitisha gesi za monoksidi ya kaboni na hidrojeni juu ya kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha), zikatoka methanoli, ethanoli, propanoli, butanoli na nyinginezo kwa pamoja. Ninachotaka kujua ni ipi inayoifaa injini ambayo tayari iko barabarani, na usafi huo unatoka wapi hasa.

Kabureta
Tuanze na kinachoingia tangini. Lita moja ya petroli ina takribani megajuli 32, butanoli 27, ethanoli 21 na methanoli 16 tu, kwa hiyo atumiaye methanoli tupu atahitaji karibu lita mbili kwa safari ambayo petroli ingeimaliza kwa lita moja. Kwa kuwa alkoholi hubeba oksijeni ndani yake, huhitaji hewa kidogo ili iungue yote: kilo moja ya petroli hutaka kilo 14.7 za hewa, ethanoli 9, na methanoli kama 6.5. Injini ya kabureta iliyopangwa kwa petroli, ikijazwa alkoholi nyingi bila kupanuliwa jeti, yaani kitundu kinachopitisha mafuta, itakosa mafuta ya kutosha, itakuwa nzito kuwaka na itakatakata ukikanyaga. Yenye sensa ya oksijeni hujirekebisha yenyewe, ila haiwezi kupita uwezo wa nozeli zake za kunyunyizia mafuta.

Faida ya alkoholi ni oktani, yaani kipimo cha mafuta kustahimili kubanwa bila kujiwakia yenyewe kabla ya wakati na kuifanya injini igonge. Ethanoli na methanoli zote hupita 100, na zinapogeuka mvuke hupoza sana hewa inayoingia, hivyo injini iliyoundwa kwa ajili yake inaweza kubana zaidi bila kugonga. Magari ya Indianapolis 500 yaliendeshwa kwa methanoli kwa miongo kadhaa kabla ya kuhamia ethanoli mwaka 2007.

Bi Maabara
Kabureta amesahau maji, na hapo ndipo mchanganyiko unapozishinda alkoholi mbili hizo zikiwa pekee. Chukua chupa ya kioo, tia petroli yenye methanoli kiasi, kisha dondoshea maji kidogo na utikise. Kwanza kimiminika kinafanya ukungu; ukikiacha kitulie, unaona tabaka mbili, petroli juu, maji na methanoli chini. Mdomo wa pampu ya gari uko chini ya tangi, kwa hiyo injini itavuta hilo la chini na kuzimika. Rudia jaribio hilohilo ukiwa umeongeza propanoli na butanoli, na utahitaji maji mengi zaidi kabla ya ukungu kutokea, kwa sababu alkoholi hizo zenye mnyororo mrefu wa kaboni hupatana na petroli na pia na methanoli, zikazishikilia pamoja. Vilevile hupunguza mvuke wa ziada ambao methanoli huuleta inapotiwa kidogo kwenye petroli, mvuke unaosumbua mabomba ya mafuta siku za joto.

Mshika Spana
Ahsante, Bi Maabara. Kama butanoli ina sifa zote hizo, kwa nini tusiitumie peke yake?

Mwanakemia
Kwa sababu kichocheo hakikupi unachokiagiza. Vichocheo vya salfaidi ya molibdeni, au vya shaba vilivyotiwa alkali, hufanya kazi kwa shinikizo kubwa na joto la nyuzi mia mbili na kitu hadi mia tatu na zaidi, na bado gesi inayogeuka katika mzunguko mmoja ni sehemu ndogo, hivyo iliyobaki hurudishwa tena na tena. Kinachotoka ni mseto, wenye alkoholi fupi nyingi kuliko ndefu, pamoja na methani na dioksidi ya kaboni ambazo hakuna aliyeziomba. Kuchuja butanoli pekee ni gharama juu ya gharama. Kuuza mseto kama ulivyo ndilo wazo lenye akili, na kwa maoni yangu ndiyo hoja yake kubwa kuliko zote.

Kuhusu usafi, masizi hupungua kweli, na monoksidi ya kaboni pia, hasa kwenye injini za zamani. Aldehaidi, kemikali kali zinazowasha macho na koo, ndizo huongezeka: formaldehaidi kutokana na methanoli, asetaldehaidi kutokana na ethanoli, nazo hukabiliwa na kichocheo cha kwenye bomba la moshi kikishapata moto, si dakika za mwanzo. Hewa ya ukaa ni hesabu nyingine kabisa, kwani ile gesi ya kutengenezea alkoholi ikitoka kwenye makaa ya mawe, lita ya alkoholi inaweza kuchafua anga kuliko petroli iliyokuja kuibadili, ilhali ikitoka kwenye mabaki ya mimea hesabu hugeuka.

Fundi Pampu
Nakubaliana na Mwanakemia, ila muuliza swali ana injini iliyopo. Methanoli hula alumini, magnesi na zinki, na baadhi ya mipira huvimba au kukauka ikilowekwa humo. Kanuni za petroli za Ulaya huruhusu methanoli isiyozidi asilimia 3, lakini ethanoli hadi 10, na pengo hilo halikuwekwa kwa bahati. Kwa hiyo ningechagua mseto wenye methanoli kidogo, kwa kiwango cha chini ndani ya petroli, na ningebadilisha kichujio cha mafuta mapema, maana alkoholi hung'oa uchafu wa miaka uliogandamana tangini na kuupeleka moja kwa moja kwenye nozeli.