Mjadala: Mwana Yanga wa Zanzibar ana haki ya kumpenda tena Fei Toto?

Mwenye mada, Mwanakwerekwe:

Jamani, tuliseme hili wazi, maana barazani kwetu linazusha ugomvi kila Azam wanapocheza. Tangu Feisal Salum, huyu Fei Toto aliyetoka Yanga akaenda Azam, alipoisawazishia Taifa Stars dhidi ya Tunisia, Desemba 30, 2025, ikawa sare ya 1-1 na tukavuka makundi ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia, moyo wangu umerudi kwake. Wenzangu wanasema shabiki wa kweli hana ruhusa hiyo. Mimi nasema anayo.

Hasira zetu zilikuwa na msingi, sizikani. Huyu ndiye aliyepiga lile bao la uwanja wa Kirumba, Mwanza, Mei 2022, tukaitoa Simba nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania, msimu ambao tulichukua ubingwa wa ligi bila kupoteza mechi. Miezi michache baadaye, Desemba, msimu mpya ukiwa katikati, akaandika barua ya kuvunja mkataba. Yanga wakakataa, shirikisho la soka la Tanzania, TFF, likaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, naye hakurudi. Sisi tukaenda mpaka fainali ya Shirikisho Afrika bila yeye: USM Alger wakatufunga 2-1 Dar, tukawafunga 1-0 kwao, kombe likaondoka kwa bao la ugenini. Nani kati yetu hakuuliza, je, angekuwepo Fei pale katikati? Hasira ile ilikuwa ya mtu aliyependa sana.

Lakini tazameni kijana wa visiwani anatokea wapi. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, lilitupokea Machi 2017, Julai ya mwaka huo huo likatutoa. Ligi yetu haimtajirishi mchezaji, kila mtu anajua. Kijana wa JKU, klabu ya hapa Zanzibar alikotoka Fei, anayetaka kuishi kwa mpira hana budi avuke bahari, na akishavuka ana miaka kumi hivi ya miguu yake, basi. Kudai alipwe kadiri ya thamani yake si dhambi. Alivyoondoka kuliniuma na kunaniuma mpaka leo; alichokuwa anakitafuta nakielewa, na ningemshauri mdogo wangu akitafute pia, ila kwa utaratibu.

Na kesi yenyewe ilikwisha. Juni 2023, Yanga walipoalikwa Ikulu baada ya fainali ile, Rais Samia aliwaomba viongozi walimalize suala la Fei. Siku chache tu, wakakubaliana na Azam, akaenda. Wenye mkataba wao wamekaa wakaelewana. Sisi wa barazani tunadai nini?

Jibu, Chake Chake:

Yakhe, unachanganya mambo mawili. Taifa Stars ni ya wote. Pale hata mchezaji wa Simba namshangilia mpaka sauti inakauka. Lakini Machi 2024 Azam walipotufunga 2-1, bao la ushindi alilifunga nani? Huyo huyo. Siku ile ulimpenda?

Tena hili la "kijana wetu" linanitia wasiwasi. Mkataba ni ahadi. Kama kila Mzanzibari anayevunja ahadi tutamwombea udhuru kwa sababu ni wa kwetu, kesho klabu za Bara zitasema vijana wa visiwani hawashikiki, na watakaofungiwa mlango ni hawa watoto wanaofanya mazoezi uwanja wa Gombani, huku Pemba. Hao umewafikiria?

Jibu, Makunduchi:

Mimi Simba, sina deni na huyu kijana. Nasema moja tu: kiungo anayefunga mabao 19 kwenye ligi, kama alivyofanya 2023/24, nyuma ya 21 ya Aziz Ki wa Yanga, hapatikani kila mwaka. Mkimchoka nyinyi, sisi tupo.

Mwenye mada:

Ndugu yangu wa Chake, siku ile ya 2-1 sikumpenda hata kidogo, na sikutakiwa kumpenda. Alikuwa mpinzani na alinitoa roho. Kumpenda mchezaji si kumtakia ushindi mbele ya timu yako. Juni 2, 2024, fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania pale uwanja wa New Amaan, Unguja, nilitaka Azam wafungwe, na tukawafunga kwa penalti 6-5, nikafurahi. Ninachokikataa ni kumzomea kila anapogusa mpira, ndani ya Amaan, kwao, kana kwamba mahakama bado inakaa.

Kuhusu watoto wa Gombani, hapo umenigusa. Wafundishwe kusomewa mkataba kabla ya kutia saini, na kudai nyongeza mapema, mezani, wakiwa na mtu mzima anayejua sheria. Ukiwafundisha kwamba Mzanzibari akikosana na klabu hasamehewi milele, watasaini chochote na kunyamaza, na hilo ni baya zaidi kwao. Sasa nijibu: siku akishuka Amaan na jezi ya Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa ya visiwani, utamzomea?

Jibu, Chake Chake:

Na jezi ya Heroes nitamshangilia kuliko wewe. Akija na ya Azam kucheza na Yanga, nitamzomea mpaka dakika ya tisini, na wewe ukae mbali na mimi.