Kubadili kichwa cha treni cha Märklin kutoka reli tatu kwenda reli mbili

Mpenda Njia: Wanajukwaa, nina kichwa cha treni ya mfano cha mvuke cha Märklin (kampuni ya Kijerumani ya treni za mfano), kipimo cha H0 (udogo wa 1:87), cha zamani na chenye mota ya koili, yaani isiyo na sumaku ya kudumu. Kilitengenezwa kwa ajili ya reli tatu, nami nataka kitembee kwenye njia ya reli mbili yenye umeme wa DC (mkondo wa upande mmoja) wa volti 12. Kwa kuwa upana wa njia ni ule ule wa milimita 16.5, je, yatosha kuondoa kitelezi cha chini kinachochukua umeme kwenye reli ya katikati na kuunganisha waya wake na magurudumu ya upande mmoja?

Fundi Waya: Haitoshi, ndugu, kitelezi ndicho sehemu nyepesi kuliko zote. Katika mfumo huo reli mbili za pembeni hufanya kazi kama waya mmoja wa kurudishia umeme, na ndiyo maana magurudumu ya pande zote yameungana kiumeme kupitia ekseli na fremu ya chuma. Ukikiweka kichwa hicho kwenye reli mbili, kitapiga shoti papo hapo. Kila ekseli inahitaji kihami (kizuia umeme) cha plastiki upande mmoja, kisha vibamba vyembamba vya shaba vya kuchukua umeme kwenye magurudumu yaliyohamiwa.

Zaidi ya hapo, nafasi baina ya migongo ya magurudumu ya Märklin ni karibu milimita 14, ilhali reli mbili huhitaji kama 14.4, na kingo zake ni ndefu kiasi cha kugonga vishikizo vya reli zenye kimo kidogo na kupanda kwenye makutano ya njia. Mimi ningebadilisha magurudumu yote.

Koili na Sumaku: Naongezea kuhusu mota. Mota ya koili huzunguka kwa AC (mkondo unaogeuka-geuka) na kwa DC pia, lakini ukigeuza chanya na hasi, mkondo hugeuka kwenye koili ya nje na kwenye rota (sehemu inayozunguka) kwa pamoja, hivyo kichwa huendelea kwenda upande ule ule. Kwenye AC tatizo hilo hutatuliwa na relei (swichi ya umeme) inayogeuzwa kwa msukumo wa volti 24. Wewe itoe relei hiyo, na mahali pa koili uweke sumaku ya kudumu inayolingana na mota. Brashi zote mbili (zinazopeleka umeme kwenye rota) zisiguse fremu, hasa ikiwa baadaye utataka kufunga dekoda, kifaa cha kuendesha treni kidijitali. Balbu nazo huwa zinarudisha umeme kupitia fremu, usizisahau.

Mpenda Njia: Nashukuru. Nikihami magurudumu ya upande mmoja katikati, kwenye ekseli, fito zake za chuma hazitaleta shida?

Fundi Waya: Zitaleta, na swali lako ni zuri. Fito huunganisha magurudumu na silinda, na silinda imefungwa kwenye fremu. Kwa hiyo umeme uliouzuia kwenye ekseli utapita huko. Kwa kichwa cha mvuke, kihami kinapaswa kukaa baina ya pete ya nje ya gurudumu na kitovu chake, ili fito zisibebe umeme wa reli. Kazi hiyo ni ngumu bila mashine ya kukereza. Angalia kwanza kama modeli yako iliwahi kutolewa pia na Trix, ambayo ni mali ya Märklin na hutengeneza vichwa vya reli mbili, kwa sababu magurudumu ya toleo hilo huenda yakaingia bila kuchonga chochote. Yasipopatikana, ningekiacha kama kilivyo na kubadili kichwa cha dizeli kisicho na fito.