Waliowahi kuuguza mbwa mkubwa aliyekatwa mguu, tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa waliobaki na mbwa mkubwa baada ya kukatwa mguu, maana wakati wangu nilipouliza nilipata maneno mengi ya vibwa vya kubebwa kwapani na mimi nina dume la Boerboel, kilo hamsini na kitu, ukimnyanyua vibaya kiuno chako ndo kinaondoka. Aligongwa na kirikuu huku Goba, mguu wa nyuma wa kulia ukasagika kuanzia gotini kushuka, daktari akaubana vidole kwa koleo mbwa hata hashtuki, akasema mishipa ya fahamu imeshakufa hapo, kuunga hakuna, ni kukata juu pajani. Majirani wote wakaja na lao, mchomeni sindano apumzike, mbwa wa ulinzi miguu mitatu atalinda nini. Kilichonipa nguvu ni daktari kunieleza kwamba mbwa akisimama karibu asilimia 60 ya uzito iko miguu ya mbele na 40 ndo iko nyuma, kwahiyo wa nyuma ukiondoka ana nafuu kuliko angepoteza wa mbele. Nikauliza sasa si muache hata kipande, akasema kipande kikibaki kirefu atakuwa anakigonga na kukiburuza, hakitapona.

Wiki mbili za kwanza zinadanganya sana jamani. Ametoka nusu kaputi anayumba, usiku analia, ubavu umevia damu rangi ya zambarau mpaka tumboni, pembeni ya kidonda kukajaa maji, na choo kikubwa hakuna siku kadhaa kwa sababu dawa kali za maumivu zinafunga tumbo. Ukimwona hivyo unaamini umemtesa. Vyote hivyo daktari alikuwa ameshaniambia vitatokea na vikapita vyenyewe. Cha kukimbiza hospitali ni kidonda kunuka, kutoa usaha, nyuzi kuachia, au mbwa kugoma kula na kunywa kabisa. Nyuzi zinatolewa kuanzia siku ya 10 mpaka 14, muda wote huo koni shingoni, usimwonee huruma ukaivua, akilamba dakika tano tu usiku kashafumua.

Halafu sakafu. Nyumba yangu yote ni tailizi na mbwa mzito wa miguu mitatu kwenye tailizi anateleza mguu uliobaki unatanuka pembeni, akishaanguka mara mbili tatu anaogopa kusimama kabisa watu wanadhani kakata tamaa. Nilitandika mazulia ya mpira toka alipolala mpaka mlangoni, yale ya kuzuia kuteleza, na kukata kucha na manyoya ya katikati ya vidole. Siku hiyohiyo akaenda mwenyewe kwenye maji. Kwa nje nilikuwa napitisha kanga chini ya tumbo mbele ya mapaja, naishika juu, sio kumbeba, ni kumsapoti tu. Na kama ni dume angalia isizibe sehemu ya mkojo.

Karibuni, hasa mliokatiwa mguu wa mbele.

Mdau wa Moshi

Pole sana mkuu na hongera. Mimi Rottweiler jike, mguu wa mbele, kansa ya mfupa. Alianza kuchechemea nikadhani katenguka, anapewa dawa anapata nafuu anarudia, baadaye juu kidogo ya kifundo kukavimba kugumu. Wenye mbwa wa maumbo makubwa naomba mlichukue hili kwa uzito, kuchechemea kusikoisha kwa mbwa mkubwa mwenye umri kidogo piga eksirei mapema, hii kansa inapenda mbwa wakubwa na inapenda sehemu hizo, juu ya kifundo cha mbele, kwenye bega, na karibu na goti kwa nyuma. Na kabla ya kukata alipigwa eksirei ya kifua kuangalia mapafu, maana ndo inakokimbilia.

Daktari hakunificha. Kukata kunaondoa maumivu, ule mfupa unauma kuliko tunavyoona mbwa akionyesha, lakini mara nyingi kansa inakuwa imeshasambaa, wengi wanaoishia kwenye kukata tu wanaishi miezi minne mitano hivi, wakiongezewa dripu za kemo, yaani dawa za kuua kansa, inaweza kusogea karibu na mwaka. Sisi kemo hatukuweza. Tulikata ili asiumie, na ile miezi aliyopata aliishi kweli, analala chali kwenye majani, anafukuza kuku wa mama mkwe, kitu ambacho kwa ule mguu alikuwa ameshaacha. Sijutii hata kidogo.

Mguu wa mbele walitoa mpaka bega lote. Kazi yake ni tofauti, kichwa cha Rottweiler kizito na kiko mbele, akiinama kula anakwenda na pua. Tuliinua bakuli la chakula na la maji usawa wa kifua. Kushuka ngazi ndo kugumu kuliko kupanda, hapo usimwache peke yake. Kanga ya tumboni haimsaidii huyu, anataka mkanda wa kifuani wenye mshikio mgongoni, dukani nilikosa saizi nikampelekea fundi viatu mkanda wa siti ya gari, akashona na sponji ndani pale kovu linapopita.

Mdau wa Kitengela

Hamjambo wote. Wangu ni German Shepherd, alinaswa na waya wa mtego, akakaa nao huko porini mpaka tukampata mguu wa nyuma umeoza. Kwa hii hali yetu ya mbwa kulala nje mimi nitasema jambo moja, nzi. Hiyo siku ya kwanza mwambie daktari kabisa kwamba mbwa wako analala nje. Nzi akitaga kwenye kidonda funza wanatoka haraka sana na hapo hata operesheni iwe safi namna gani inaharibika. Wetu alilala kwa store, wavu kwa dirisha, matandiko yanabadilishwa na kuanikwa kila asubuhi, na mimi mwenyewe nikiangalia kidonda asubuhi na jioni kwa tochi.

Kingine, wenzake. Tulikuwa na mbwa wengine wawili na walianza kumrukia, sio ubaya, wanataka kucheza, na kuna mmoja alitaka kuchukua ukubwa sasa kwa vile huyu anayumba. Tuliwatenganisha mpaka kidonda kikafunga, halafu tukawarudisha mmoja mmoja tukiwa tumesimama hapo.

Mdau wa Tanga

Nichangie kidogo kuhusu dawa. Tafadhali sana msimpe diklofenaki wala ibuprofeni za binadamu, zinatoboa tumbo na kuua figo za mbwa, hata kama analia usiku wa manane. Zipo za kwao, meloksikamu, kaprofeni, kwa kipimo cha daktari na baada ya kula. Wangu kidonda kilipona kabisa lakini akawa ghafla anageuka anaangalia pale mguu ulipokuwa, anapiga kelele, anakimbia kama kaumwa na kitu. Ni maumivu ya mguu ambao haupo, yanawapata mbwa kama yanavyowapata watu. Alipewa gabapentini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, yakapungua mpaka yakaisha. Akifanya hivyo msimwone mkorofi wala amerogwa.

Na joto la huku pwani, miguu mitatu inafanya kazi ya minne, anahema haraka. Matembezi alfajiri na jioni tu, mafupi mafupi mara nyingi, sio kumburuza kilomita moja kwa mpigo.

Mdau mgeni

Samahani wakuu, nimewasoma nikiwa na presha. Wangu ana miaka tisa, mkubwa, kansa ya mguu wa mbele, na nyonga za nyuma tayari zinamsumbua kunyanyuka. Kukata au niache?

Mdau wa Moshi

Pole ndugu yangu. Umri peke yake usikutishe, cha kuangalia ni hiyo miguu itakayobaki. Omba eksirei ya nyonga na magoti pamoja na ya kifua kabla hujaamua chochote. Kama nyonga zimechakaa sana, ukitoa wa mbele utakuwa umemhamishia mateso nyuma, na hapo kumpumzisha bila maumivu ni upendo uleule. Kama uko karibu na Morogoro hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, watakuangalizia, kwa wa Nairobi Chuo Kikuu kina kliniki pale Kabete. Nenda upate maoni ya pili, na umwangalie yeye kuliko sisi, anakula? anakuja ukimwita?

Mleta mada

Naongezea kwa mgeni na wengine, uzito. Wakati unangoja majibu anza kupunguza ugali sasa hivi, asiongezeke, ukipapasa mbavu uzihisi bila kubonyeza sana. Kila kilo ya ziada inakwenda kwenye kile kiungo kilichobaki peke yake upande huo. Mazoezi yetu yalianza daktari alipokubali, namsimamisha kwenye godoro la sponji, namshika kiuno, mwanangu anamwonyesha kipande cha nyama kushoto anageuza shingo, halafu kulia, dakika chache tu na tukimwona miguu inatetemeka tunaacha. Paja lililobaki limejaa misuli sasa. Kuruka kwenye pikapu ndo sitaki, tumemtengenezea ubao wa kupandia wenye kapeti juu.

Na kwa aliyeniuliza inbox kuhusu ulinzi, analinda. Geti likigongwa yeye ndo wa kwanza kufika na sauti ni ileile. Mgeni ukipata majibu ya eksirei yalete hapahapa.