Tupeane uzoefu: mashine ya santuri iliyokuponyoka

Wadau wa Pwani, njooni tupeane uzoefu. Naanza mimi, Malindi. Mzee mmoja Mwitaliano kule Casuarina alikuwa akirudi kwao, akauza vyombo vya nyumba. Katikati ya majokofu na makabati nikaiona Garrard 301, ile mashine ya santuri ya Uingereza ya miaka ya 1950. Haizungushwi kwa mkanda: mota husukuma gurudumu la mpira, nalo husukuma ukingo wa sahani inayobeba santuri kwa ndani, basi mwendo wake una nguvu, hauyumbi. Niliweka santuri ya taarab ya marehemu baba, ya lebo ya Mzuri ya Mombasa. Wallahi nilisikia vidole vya mpiga udi vikihama kwenye nyuzi! Bei ilikuwa ya haki, lakini wiki ile karo ilikuwa inadaiwa. Fedha zilipopatikana, dalali alishaipeleka Nairobi. Santuri za baba ninazo hadi leo. Nazipiga kwa kidude cha plastiki chenye sindano nzito inayozila, na roho huniuma kila nikiishusha.

Shela, Lamu: Pole sana ndu yangu. Yangu ilikuwa Revox A77, rekoda ya kanda za rili, mota tatu, Waswisi waliitoa 1967. Bibi aliwacha kanda za vugo la harusi za hapa Amu, sauti za kina mama wengi wao washatangulia mbele ya haki. Nilikubaliana bei na mwenyewe, kusi ikachafua bahari, nikakwama Mokowe, upande wa bara. Kuvuka, ishauzwa. Zile kanda hazina mashine hadi sasa.

Fundi, Malindi: Nawaelewa. Mimi niliikosa Quad ESL, spika ya 1957 isiyo na koni, ina utando mwembamba uliotiwa umeme wa maelfu ya volti. Hiyo kwa hewa yetu ya chumvi ingetaka chumba kikavu daima. Garrard ni imara zaidi. Wa Shela, kanda za bibi ziweke wima ndani ya maboksi, mbali na spika na unyevu, usiziguse mpaka upate mashine iliyokaguliwa.

Mimi wa Garrard tena: Ahsante fundi. Anayejua ilipo Garrard, hata 401 iliyoifuata 301, aniambie. Gurudumu likiwa limekauka mpira si neno, linabadilishwa.